Tusimsingizie Muuguzi wa Shule

Yapo maneno yaliyorudiwa mno katika mikutano ya wazazi, semina za wakuu wa shule na hata kumbi za vyuo vya uuguzi, hadi leo hayaulizwi ushahidi. Yanasema kwamba watoto wetu walio katika shule za bweni wanaugua maradhi yanayozuilika kwa sababu muuguzi wa shule hataki kutoka chumbani mwake. Angepaswa kufundisha usafi, lishe, hedhi na namna ya kujikinga na maradhi ya zinaa. Angepaswa kumtambua mapema mtoto anayelemewa na huzuni. Badala yake anashinda san, chumba cha wagonjwa cha shule, akigawa Panadol na kuandika vibali vya kwenda nyumbani. Ukimpeleka semina, anarudi na bidii ya wiki mbili, kisha mambo yanakuwa yale yale. Basi tatizo, tunaambiwa, ni utayari: penye nia pana njia, na muuguzi huyu nia hana.

Nimeyasikia haya nikiwa mwalimu wa bweni, nayasikia sasa nikiwa mzazi, na nimechoka kuyanyamazia. Dhana hii ni potovu, na wanaolipa gharama yake ni watoto.

Wenye dhana hii wana hoja tatu, nami nitazieleza kama wao wenyewe wanavyozieleza. Ya kwanza ni kwamba wauguzi wakiulizwa hukubali kuwa elimu ya afya na kinga ni sehemu ya kazi yao, lakini ukizihesabu saa zao, nyingi zinaishia kwenye tiba. Anayekubali kwa mdomo na asitende, wanasema, hakukubali moyoni. Ya pili ni kwamba wako wauguzi wachache ambao, katika mazingira hayo hayo, wameanzisha vyama vya afya, bustani za mboga na vikao vya wasichana. Mmoja akiweza, wengine wana udhuru gani? Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wauguzi wetu wengi wenye diploma wamesomea afya ya jamii, na cheti chao kinasema hivyo. Hawawezi kudai kwamba kinga ni kazi ngeni kwao.

Nakubali kwamba wauguzi wavivu wapo, kama walivyo walimu wavivu na wahasibu wavivu. Ninachokataa ni kwamba uvivu wa wachache unaeleza hali ya shule za nchi nzima.

1. Mwajiri wake ni nani?

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka huduma za afya mikononi mwa kaunti, huku elimu ya msingi na ya sekondari ikibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Walimu wa shule za umma wanaajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Wauguzi wa zahanati na hospitali za kaunti wanaajiriwa na kaunti. Muuguzi wa shule ameangukia katikati. Kwa TSC, yeye si mwalimu. Kwa kaunti, shule si zahanati yake. Anayebaki kumwajiri ni Bodi ya Usimamizi ya shule, ambayo huwaajiri wafanyakazi wasio walimu: mpishi, bawabu, dereva, karani, na yeye.

Mshahara wake unategemea karo. Karo ikichelewa, na kila mzazi anajua kwamba huchelewa, mshahara nao unachelewa. Hana ngazi ya kupanda, kwa sababu idara yake ina mtu mmoja. Hana msimamizi wa taaluma yake pale shuleni. Anayempima ni mkuu wa shule aliyesomea hisabati au jiografia, ambaye kipimo chake ni kwamba muhula umepita bila gari la shule kukimbizwa hospitalini usiku. Barua za ajira ambazo wauguzi wamenionyesha zinataja kutibu wanafunzi, kutunza dawa na kusindikiza wagonjwa. Sijaona hata moja iliyotaja kufundisha. Halafu tunamuuliza kwa nini hayuko tayari kwa kazi ambayo hatukumwandikia.

Sera ya Afya Shuleni ipo. Ilitolewa 2009 na wizara za elimu na afya kwa pamoja, ikafanyiwa marekebisho 2018. Inagusa maji, vyoo, lishe, jinsia, ulemavu, maradhi ya kuambukiza na yasiyoambukiza. Ni waraka mzuri. Lakini wizara hizo mbili hazijaifanya nafasi ya muuguzi wa shule kuwa ya lazima na yenye fungu lake la mshahara. Sera inamtaka awe nguzo, na bajeti haimtambui.

Kwingine walianza na ajira. Nchini Japani, Sheria ya Elimu ya Shule ya 1947 iliweka shuleni mwalimu wa afya anayeitwa yogo kyoyu. Ana leseni ya ualimu, anahesabiwa miongoni mwa walimu, na neno lake kuhusu afya ya wanafunzi linasikika katika kikao cha walimu kama neno la mwalimu mwingine yeyote.

Turudi nyuma zaidi, New York, Oktoba 1902. Madaktari wa jiji walikuwa wakiwakagua watoto shuleni na kuwarudisha nyumbani wale wenye macho mekundu, chawa na mabaka ya ngozi. Kwa kuwa hakuna aliyewatibu, watoto wakawa wanazurura mitaani na ugonjwa wao. Lillian Wald, muuguzi wa jamii jijini humo, akapendekeza jaribio, na muuguzi mmoja, Lina Rogers, akapewa shule 4. Aliwatibu watoto palepale shuleni, kisha akapanda ngazi za majengo ya wahamiaji kuwaeleza kina mama jinsi ya kuzuia ugonjwa usirudi. Idadi ya watoto waliokuwa wakizuiwa kuingia darasani ikashuka sana, na idara ya afya ya jiji ikaajiri wauguzi wengine kwa fedha zake. Rogers alikuwa na bidii, hilo halina shaka. Lakini bidii yake ilidumu kwa sababu jiji liliigeuza kuwa nafasi ya kazi, yenye mshahara na ruhusa ya kumfuata mtoto hadi mlangoni kwao.

Hapa ndipo hoja ya pili ya wapinzani wangu inapoanguka. Muuguzi mmoja mwenye moyo anaweza kuanzisha chama cha afya. Akihama, chama kinakufa. Nimeshuhudia vikifa hivyo. Ukitaka kazi idumu baada ya mtu kuondoka, iweke kwenye cheo, usiiache kwenye moyo wa mtu.

2. Saa zake zinakwenda wapi

Ni kweli kwamba saa za muuguzi wa shule zinaishia kwenye tiba. Sasa tuziangalie saa zenyewe.

Nenda katika shule kubwa ya bweni yenye wanafunzi elfu moja na zaidi. Utakuta muuguzi mmoja, na shule ikibahatika, wawili. Marekani, kwa miaka mingi, kipimo kilichotajwa na wenye taaluma hiyo kilikuwa muuguzi 1 kwa wanafunzi 750 wenye afya njema, na hao ni wanafunzi wanaorudi kwao jioni. Wetu wanalala hapo hapo. Tangu 2018, Serikali ilipoagiza kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza, mabweni mengi yalifurika. Vitanda viliongezwa, madarasa yakaongezwa, lakini san ikabaki na muuguzi yule yule.

Siku yake inaanza kabla ya kengele ya asubuhi, foleni ikiwa imeshajipanga. Ndani ya foleni hiyo wamo wanaotaka kukwepa michezo kwenye baridi, na ni kazi yake kuwatenganisha na wagonjwa bila kukosea hata mara moja. Yuko mwenye pumu. Yuko mwenye selimundu, ambaye baridi ya usiku imemwamshia maumivu ya mifupa. Yuko wa kifafa aliyeacha dawa kwa kuona haya. Wako wanaotumia ARV, ambao wamemkabidhi chupa zao kwa siri na huja kumeza wakati ambapo hakuna anayewaona. Huyo si mtu wa kugawa Panadol. Anabeba wodi nzima ya maradhi sugu peke yake, usiku na mchana, na akienda likizo anakaimiwa na metroni asiye na mafunzo ya uuguzi.

Niliwahi kumuuliza mmoja wao, huko Kilifi, "Sista, mbona hatukuoni madarasani?"

Akanijibu, "Mwalimu, nikitoka hapa nikaingia Form Two kusomesha habari za hedhi, na huyu wa pumu akabanwa nyuma yangu, utakuja kunitetea kwa mkuu wa shule?"

Sikuwa na jibu, na sijasikia wenye dhana ya utayari wakilitoa. Hata angepata wa kumkaimu, angeingia darasa lipi? Kwenye ratiba ya shule hana kipindi. Akitaka kuzungumza na wanafunzi anaomba dakika chache za gwaride la asubuhi, baada ya matangazo ya nidhamu, kabla ya wimbo wa taifa, mbele ya umati uliosimama juani. Hakuna mwanafunzi atakayeuliza swali kuhusu mwili wake mahali kama hapo.

3. Jiko, maji na choo

Aprili 2023, Shule ya Upili ya Wasichana ya Sacred Heart Mukumu, katika Kaunti ya Kakamega, ilifungwa baada ya mamia ya wasichana kushikwa na kuhara, kutapika na maumivu makali ya tumbo. Wanafunzi watatu na mwalimu mmoja walifariki. Uchunguzi wa serikali ulielekeza kidole kwenye maji na chakula vilivyochafuliwa na bakteria, miongoni mwao E. coli na Salmonella typhi. Bodi ya shule ilivunjwa na mkuu wa shule akahamishwa.

Nawaomba wanaohubiri utayari wanijibu: ni mhadhara gani wa muuguzi, hata angekuwa na nia ya chuma, ungewaokoa wale wasichana? Wasichana hawakukosa kuambiwa wanawe mikono. Kilichowaua kilikuwa ndani ya maji na ndani ya sahani. Mwenye uwezo wa kuzuia ni yule anayeweza kusema, "Jiko hili lifungwe hadi maji yapimwe," na neno lake likatiiwa siku hiyo hiyo. Muuguzi wa shule, hata kama cheti chake kinasema amesomea afya ya jamii, hana uwezo huo. Hakai kwenye kamati ya zabuni ya mahindi na maharagwe. Haagizi maji yapimwe. Hawezi kumwambia mpishi abadilishe ghala. Anachoweza ni kumwandikia mkuu wa shule, na mkuu ndiye bosi wake, na barua inayosema jiko ni chafu inamshtaki huyo huyo anayeipokea.

Hili si suala la uongozi mbaya wa shule moja. Linatokana na namna tulivyoielewa kazi yenyewe. Mkataba wa Ottawa wa 1986, ambao ndio msingi wa fikra ya kuhamasisha afya duniani, haukusema kwamba afya inaletwa na mahubiri. Ulidai sera zinazojali afya, mazingira yanayoiwezesha, jamii yenye sauti, na huduma zinazotazama zaidi ya tiba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na UNESCO walitoa viwango 8 vya shule inayokuza afya. Humo mna sera na fedha za serikali, uongozi wa shule, ushirikiano na jamii, mtaala, hali ya mahusiano shuleni, mazingira ya majengo, na huduma za afya. Sisi tumeuchukua mzigo wote huo tukamtwika mtu mmoja, kisha tukapima kama uso wake unaonyesha furaha ya kuubeba.

Na kuna madhara ambayo wanaomsukuma muuguzi ahubiri hawayaoni. Mwambie mtoto anawe mikono kwa sabuni, na mfereji hauna maji tangu Jumanne. Mwambie ale matunda na mboga za aina mbalimbali, na meza ni githeri mchana, ugali na kabichi usiku, muhula mzima. Mwambie abadilishe pedi kila baada ya saa chache, na choo hakina mlango. Mtoto si mjinga. Anajifunza kwamba maneno ya afya ni maneno ya mtihani, ya kuandika kwenye karatasi na kusahau, na hilo atalibeba hadi atakapokuwa mzazi. Muuguzi anayekataa kusema mambo ambayo shule imeyafanya yasiwezekane anailinda heshima ya elimu ya afya kuliko anayeyasema ili aonekane ana bidii.

4. Siri ya mwanafunzi

Hapa nasema na wakuu wa shule za wasichana, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Katika shule nyingi, muhula unapofunguliwa, muuguzi huagizwa kuwapima wasichana mimba, darasa baada ya darasa. Majibu yanamfikia naibu wa mkuu kabla msichana mwenyewe hajaketi kitini. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya habari za afya za mtu. Haina kifungu kinachosema kwamba siri hiyo inaishia kwenye lango la shule.

Halafu, mwezi uleule, muuguzi yule yule anatakiwa awe ndiye ambaye wasichana watamwendea kuuliza habari za mapenzi, mimba na maradhi ya zinaa. Hawatamwendea, na wana haki. Wamemwona akiwa mkono wa nidhamu. Majirani zetu wa Tanzania waliishi na hali hii kwa ukali zaidi hadi Novemba 2021, serikali ilipowaruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni. Kabla ya hapo, kipimo cha muuguzi kiliweza kuwa mwisho wa masomo ya mtoto. Kwetu ruhusa ya kurudi ilitolewa tangu 1994, ila kipimo cha lazima kimebaki, na kwa kipimo hicho tumeuvunja uaminifu ambao kazi yote ya kinga inautegemea.

Uaminifu huo ukikosekana, watoto wanaumia wakiwa kimya. Septemba 2019, huko Bomet, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya kuaibishwa darasani kwa sababu ya hedhi, kwa maelezo ya familia yake. Miaka miwili kabla ya hapo, 2017, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanayompa kila msichana aliyebalehe haki ya kupata pedi shuleni bila malipo. Sheria ilihesabu pedi. Haikutaja mtu mzima ambaye msichana angemkimbilia siku ile damu ilipoonekana kwenye sare.

5. Wanaopendekezwa badala yake

Tunaambiwa kwamba kama muuguzi hataki, wapo walimu. Somo la Elimu ya Afya lilikuwa na nafasi yake Sekondari Msingi ilipoanza 2023, kisha, masomo yalipopunguzwa, likaunganishwa na Sayansi Jumuishi. Mwalimu wa sayansi sasa analo ndani ya silabasi anayokimbizana nayo.

Tunaambiwa pia wapo wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya laki moja, waliozinduliwa na Rais Septemba 2023 na kupewa mikoba ya vifaa. Ni kazi njema. Lakini mhamasishaji hupangiwa kaya, takriban 100, na bweni si kaya. Mtoto anayekaa shuleni kwa sehemu kubwa ya mwaka hayumo kwenye hesabu ya mtu huyo anapopita nyumbani kwao. Yaani kijana wa miaka 16 anafikiwa na kinga akiwa likizoni tu.

6. Fedha

Mwishowe, wakibanwa, wanarudi kwenye fedha: hakuna pesa za kuajiri wauguzi wa shule, na wauguzi wenyewe ni haba. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka Uingereza wauguzi wa Kenya wasio na ajira. Serikali yenyewe ilikiri, kwa saini yake, kwamba tunao wauguzi waliosomeshwa na wasio na kazi. Haiwezekani tuwe nao wa kuuza nje na tukose wa kuwapeleka shule za watoto wetu.

Na fedha zilipatikana, zikatumika upande wa pili. Mwaka 2018 ulianzishwa mpango wa EduAfya, chini ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa wakati huo, wa kuwalipia wanafunzi wa sekondari za umma matibabu hospitalini. Ulisaidia watoto wengi, na ulipokoma wazazi waliumia. Lakini ulimlipia mtoto akishaugua. Shilingi ya kumzuia asiugue haikuwa na fungu, kwa kuwa kazi hiyo tulikuwa tumeshaamua kwamba itafanywa na nia njema ya muuguzi, bure. Leo mtoto akiugua typhoid bwenini, mzazi analipa nauli, kipimo, dawa na kitanda, na mtoto anapoteza wiki za masomo ambazo hakuna anayemrudishia. Gharama hiyo haimo katika kitabu chochote cha shule, ndiyo maana wenye shule wanaona kwamba hali iliyopo ni rahisi.

Kwa hiyo sitaki semina nyingine ya kumfufua muuguzi moyo. Nataka nafasi yake ilipwe na kaunti au wizara, si na karo. Nataka awe na kipindi kwenye ratiba, kiti kwenye kamati ya chakula na maji, na mamlaka ya kusimamisha jiko. Nataka upimaji mimba wa jumla ukome, na faili ya mwanafunzi isifunguliwe na naibu wa mkuu. Haya yakishafanyika, na bado muuguzi akakaa chumbani mwake, nitakuwa wa kwanza kudai aondolewe.

Mzazi mwenzangu, katika mkutano ujao wa shule ya mwanao, kabla hujakubaliana na anayesema kwamba sista hana nia, simama uombe barua yake ya ajira isomwe mbele ya wote. Ikiwa haina hata sentensi moja kuhusu kinga, dai iandikwe upya, na udai kujua ni nani atakayeilipia kazi hiyo.